Daftari la Notburga

Nilimwonyesha grafu zangu: majaribio elfu kumi na mbili,
kifaa kimebanwa mezani, karakana yetu ya Innsbruck, Januari,
dirishani milima imezama theluji hadi shingoni.
"Hakijachelewa hata mara moja," nikasema.
Notburga akavua glavu, kidole baada ya kidole,
akauliza: "Na mara ya elfu kumi na mbili na moja?"

Nilikasirika. Mimi ni fundi, naamini ninachopima.
Kifaa chenyewe ni kidogo, kama sabuni ya hotelini;
mtelezaji hukivaa kifuani, chini ya koti,
na poromoko likimfukia, kinamwitia wenzake.
Betri mbili. Kumbukumbu haba kama mfuko wa shati.
Ndani, programu inapanga foleni ya milio:
nani kaita, yu mbali kiasi gani, nani afukuliwe kwanza.

Yeye hakuiendesha.
Aliisoma tu, mstari kwa mstari, penseli mkononi,
kama mkaguzi aliyeingia dukani kabla ya wateja,
akafungua daftari, droo ya pesa asiiguse.

"Foleni yenu ni marundo mawili," akasema.
"Mlio ukija, unatua juu ya rundo la kushoto.
Mkiuhitaji, mnauchukua kulia;
kulia kukiisha, mnalipindua la kushoto lote, kwa mkupuo.
Hapo saa yako inaruka, siyo?"

Ndipo. Kilele kimoja, chembamba kama mnara wa kanisa.
Nilikuwa nimekifuta. Nilidhani ni waya mbovu.

Akachora sarafu pembeni mwa karatasi.
Kila mlio ukiingia ulipe mbili:
moja ya mlangoni, moja ya kibindoni.
Siku ya kupinduliwa, kila mmoja ajilipie nauli,
na ile siku ya ghali haitamkuta mtu mikono mitupu.
Nikaona kilele chango changu kikilala,
gharama yake imekwisha kulipwa, kidogo kidogo, na waliotangulia.

Lakini mstari wa mia mbili na nne ulikataa hesabu.
Milio miwili ikifanana, programu hunakili orodha nzima ili ilinganishe.
"Mlio umezaa pacha," akasema, "sarafu haikuzaa.
Wagawane ipi?"
Kikaguzi chake cha kompyuta kikaandika neno moja: sijui.

Kassian, mkuu wetu, akacheka ndani ya kikombe.
Watu wangapi watafukiwa pamoja, milio yao ifanane?
Watatu? Hilo tumeshalipima.
Notburga akamsogezea kalamu.
"Basi andika. Andika kwamba wakiwa wanne
kifaa kina ruhusa ya kunyamaza. Weka sahihi."

Kahawa ikapoa. Sahihi haikuwekwa.

Tuliufuta ule mstari; tukalinganisha milio pale pale ilipolala,
bila nakala, bila pacha. Siku tisa za kazi.
Kikaguzi kikakubali: hatua tatu kwa kila mlio,
na saba za kuanzia. Wawe kumi, wawe mia.

Nikapima tena, kwa ukaidi. Hakikufika hata nusu yake.
"Umezidisha," nikamwambia, nimefurahi kumpata na kosa.
"Kikomo si utabiri," akasema, akivaa glavu.
"Ni ukuta. Hakuna anayekulazimisha kuugusa."

Usiku ule nilikirudisha kile kilele kwenye grafu yangu,
nikakiandikia tarehe.

Machi, upepo wa joto ukishuka kusini,
masanduku mia nne yalisubiri lori.
Nikachukua kifaa kimoja kwa ajili ya Vigil, mwanangu.
Ana miaka kumi na minne; Jumamosi atapanda mlimani
na Romed, na Korbinian, na yule binti wa mwoka mikate.

Nilihesabu bila kutaka.
Nikamfunga mkanda kifuani, akilalamika unabana,
nikakiwasha, nikasubiri taa.